Mguu, Mstari na Mkono: Historia ya Kudaka Ndani ya Uwanja

Hadi mwaka 1902 Malakisi ilikuwa Uganda. Mwezi Aprili mwaka huo Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliokuwa umefika hadi Naivasha, wakauunga kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Watu wa Malakisi hawakuinua unyayo. Walilala upande mmoja wa mpaka wakaamka upande wa pili, na ndugu zao Wamasaba wakabaki ng'ambo ya mto Lwakhakha. Mtu aliyekulia kwenye historia ya namna hiyo hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kila ugomvi wa ndani na nje huletwa na mstari: nani kauchora, umepita wapi, umehamishwa lini. Historia ninayoisimulia hapa inakwenda kinyume cha hiyo. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, kumekuwa na kelele za miaka mingi juu ya swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliona jepesi: mchezaji aliyedaka mpira ukingoni mwa uwanja, amedaka ndani au nje? Mstari ule haujahama. Chokaa imekaa palepale, na kanuni ya miguu imesimama bila kutikisika sana. Kilichohamahama ni upande wa mkono, yaani ni lini hasa mpira unakuwa mali ya aliyeudaka. Hoja yangu ni kwamba kanuni ya mguu imedumu kwa sababu mguu huacha ushahidi, na kanuni ya mkono imevunjika na kuundwa upya mara kwa mara kwa sababu inajaribu kupima kitu ambacho hakionekani.

Tuanze na mstari wenyewe, maana msomaji wa Bungoma au Kitale ameshalelewa na mstari wa aina nyingine. Kandanda ilifika Magharibi mwa Kenya pamoja na shule na misheni, na ilishika mizizi haraka. Elijah Masinde wa Kimilili, kabla hajajulikana kama kiongozi wa Dini ya Musambwa, alikuwa mchezaji hodari kiasi cha kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mnamo 1930, dhidi ya nchi ambayo, bila amri ya 1902, ingekuwa yake. Katika mchezo alioucheza Masinde, mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira haujatoka mpaka uvuke wote, mstari wote, uwe chini au hewani. Miguu ya mchezaji haihesabiwi kabisa. Anaweza kusimama nje na kuurudisha kwa ncha ya kiatu, na mshika kibendera hana la kusema. Magongo, mchezo ulioipa jina Shule ya Friends Kamusinga nchi nzima, yanafuata mantiki hiyohiyo. Ndiyo maana tarehe 1 Desemba 2022, Japani ilipoifunga Hispania 2–1 kwenye Kombe la Dunia, mpira uliorudishwa na Kaoru Mitoma kabla ya bao la pili ulihesabiwa kuwa haujatoka ingawa macho ya dunia nzima yaliuona umetoka. Ukitazamwa kutoka juu, ukingo wa tumbo la mpira ulikuwa bado umefunika mstari kwa milimita zisizofika mbili. Wajerumani, waliokuwa katika kundi hilohilo, walirudi nyumbani kwa sababu ya milimita hizo.

Raga, mchezo ambao Wakenya wa leo wanaujua vizuri, hugeuza mambo. Mstari wa pembeni ni nje. Mwenye mpira akiukanyaga tu, ametoka, hata kama mpira wenyewe ameubana kifuani upande wa ndani. Futiboli ya Kimarekani ilizaliwa kutoka kwenye raga katika vyuo vya Marekani miaka ya 1870, ikarithi mstari wa raga. Kwa hiyo katika NFL ukingo mweupe unaouzunguka uwanja, wenye upana wa futi 6, ni nje yote, tangu unyasi wake wa kwanza. Mpira hauangaliwi ulipo. Anayeangaliwa ni mtu. Mdakaji anaweza kunyoosha mwili wake wote nje kama mti ulioinamia mto, akaudaka mpira ulio futi tatu nje ya uwanja hewani, na ikawa halali kabisa ilimradi vidole vya miguu yake miwili viguse nyasi za ndani. Kinyume chake pia ni kweli, na ndipo wajanja walipopata mwanya: kwa kanuni za miaka ya 2010, mchezaji aliyeweka mguu mmoja nje akiugusa mpira wa kuanzia uliotulia ndani ya uwanja, mpira ulihesabiwa umetoka, na adhabu ikawaangukia walioupiga. Wachezaji wa Green Bay waliutumia ujanja huo na watangazaji wakacheka kwa mshangao. Mpira katika mchezo huu hauna makazi yake. Unahesabiwa uko pale alipo anayeugusa.

Sasa miguu. Katika ligi za vyuo na za shule huko Marekani, na katika ligi ya kulipwa ya Kanada, mguu mmoja ndani unatosha. NFL hudai miwili. Badala ya miguu miwili, kiungo kingine chochote kisicho mkono kinakubalika: goti moja, kiwiko kimoja, kalio, paja. Mabingwa wa kufundisha wadakaji wana msemo kwamba goti moja ni sawa na miguu miwili. Mguu nao una undani wake. Mdakaji akiburuta vidole juu ya nyasi huku mwili ukielekea nje, mguu huo umehesabiwa. Lakini akitua kwa vidole ndani kisha, katika mwendo uleule wa kukanyaga, kisigino kikashuka juu ya chokaa, mguu wote umekuwa nje. Wadakaji hufanya mazoezi ya kuuzuia mwili usimalizie hatua ambayo umeizoea tangu utoto, na hilo si jambo dogo. Tarehe 1 Februari 2009 huko Tampa, fainali kuu ikiwa imebakiza sekunde 35, Ben Roethlisberger wa Pittsburgh alirusha mpira juu ya mikono ya walinzi watatu wa Arizona kuelekea pembe ya kulia kabisa ya uwanja. Santonio Holmes alijinyoosha mpaka mikono yake ikawa nje kabisa ya uwanja, akaudaka, na akabaki amesimama kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, kabla ya kuangukia nje. Waamuzi waliiangalia picha na kuridhika. Pittsburgh wakashinda 27–23. Nakitaja kisa hiki mapema kwa sababu ya kile ambacho hakikufuata: hakuna kanuni iliyorekebishwa. Mashabiki wa Arizona walilia, lakini hawakuwa na neno la kudai lifafanuliwe.

Si kwamba kurusha mpira mbele kulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1905 vijana wengi waliuawa uwanjani kwa kugongana, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa michezo wa vyuo vikuu Ikulu mwezi Oktoba kuwaambia mchezo usafishwe. Mwaka uliofuata kurusha mbele kukaruhusiwa, lengo likiwa kutawanya wachezaji ili wasisongamane sehemu moja. Tarehe 5 Septemba 1906, katika mji wa Waukesha, Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha mpira wa kwanza halali, ukadondoka bila kuguswa, na kwa kanuni za wakati huo ukapewa wapinzani. Watunga kanuni waliuogopa mrusho huo kama watu wanavyoogopa mgeni asiyejulikana kabila lake, wakauwekea vikwazo vya kila namna. Mpira uliorushwa ukavuka mstari wa goli haukuwa bao, ulihesabiwa umepotea. Mwaka 1912 tu ndipo sehemu ya yadi 10 ilipowekwa nyuma ya mstari wa goli, uwanja ukafupishwa kuwa yadi 100, na mtu akaruhusiwa kudaka humo na kupata alama. Ukitafakari, hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Kabla ya 1912 mdakaji alikuwa mkimbiaji: alidaka, akaendelea kukimbia, na mbio zake zenyewe zikathibitisha kwamba mpira ni wake. Baada ya 1912 kukawa na eneo ambalo mtu anadaka na mambo yanaisha papo hapo, tena eneo jembamba lenye kingo tatu za kutokea. Hana pa kukimbilia ili athibitishe chochote.

NFL iliyoanzishwa 1920 iliazima kanuni za vyuo kwa muda mrefu, mpaka baridi ya Chicago ilipoingilia kati. Desemba 1932 mechi ya kuamua bingwa kati ya Chicago Bears na Portsmouth Spartans ilichezewa ndani ya ukumbi kwa sababu ya theluji na baridi kali, kwenye kiwanja kilichobanwa mpaka kikawa na urefu wa yadi 80 tu, kuta zikiwa karibu mno na mistari. Mchezo ulipoanza tena kutoka pembeni, wachezaji wangejigonga ukutani, ndipo ikaamuliwa mpira uingizwe ndani kidogo kila mara. Bears walishinda 9–0, na bao lenyewe lilitokana na mrusho wa Bronko Nagurski kwa Red Grange ambao Spartans waliulalamikia kwamba ulirushwa kutoka karibu mno na mstari wa kuanzia. Mwaka uliofuata ligi ikatunga kanuni zake yenyewe, ikaruhusu mpira urushwe kutoka popote nyuma ya mstari huo. Kuanzia hapo futiboli ya kulipwa ikawa mchezo wa hewani, na kadiri mipira ilivyorushwa mbali zaidi ndivyo ilivyoangukia kingoni zaidi, kwa sababu ukingo ndiyo sehemu ambayo mlinzi hawezi kuuzunguka mpira.

Kwa miongo kadhaa jicho la mwamuzi lilitosha, au tuseme hakukuwa na jicho lingine la kulipinga. Televisheni ndiyo iliyoleta balaa. Tarehe 6 Januari 1980 Houston Oilers walikuwa Pittsburgh katika mechi ya kuamua nani aende fainali. Wakiwa nyuma 17–10 katika robo ya tatu, Dan Pastorini alirusha mpira kwenye pembe ya nyuma ya kulia, Mike Renfro akaudaka huku akiteleza kutoka. Mwamuzi wa pembeni, Donald Orr, alisita. Hakuinua mikono wala kuipunga. Waamuzi walijadiliana, kisha wakasema hapana. Watazamaji majumbani walionyeshwa marudio tena na tena, polepole, kutoka pande mbalimbali, na wengi wao wakaamini wameona bao. Houston walipata pointi 3 tu pale, wakapoteza 27–13. Watu husimulia kisa cha Renfro kama kisa cha miguu, na picha maarufu ni ya miguu. Lakini kilichokuwa kigumu pale kilikuwa kujua kama mpira ulikuwa umetulia mikononi mwake wakati vidole vile vikiwa bado ndani. Miguu ilionekana. Kutulia kwa mpira ndiko kulikowagawanya watu.

Chukua ng'ombe wa mahari. Mwenye ng'ombe ameshakabidhi kamba, waliokuja kumchukua wamemtoa zizini, na kabla hawajavuka Mto Malakisi mnyama akateleza na kuvunjika mguu. Hasara ni ya nani? Mzee mmoja atasema kamba ilipopokewa mambo yalikwisha. Mwingine atasema ng'ombe si wako mpaka alale kwako. Wa tatu atauliza kama mliompokea mlikuwa mmeshaanza kumwendesha wenyewe au bado mwenyeji alikuwa anawasaidia. Wote watatu wana hoja, na mto wenyewe haumo katika ubishi, kwani kila mtu anajua ulipo. NFL imewahi kuwasikiliza wazee hao wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

Baada ya kelele za Renfro na nyingine kama hizo, wenye timu walipiga kura mwaka 1986, 23 dhidi ya 4 na mmoja akajizuia, kuruhusu marudio ya video kusaidia waamuzi. Mashine za wakati huo zilikuwa za polepole, wakayachoka marudio hayo, wakayaondoa baada ya msimu wa 1991, wakayarudisha mwaka 1999. Msimu uleule wa kurudi ukazaa kesi. Tarehe 23 Januari 2000 Tampa Bay walikuwa wakiifukuza St. Louis dakika ya mwisho. Bert Emanuel aliuzamia mpira akaudaka, mwamuzi akakubali, kisha picha ikaonyesha ncha ya mpira imegusa nyasi wakati mikono yake ikiwa imeukamata. Ukafutwa. St. Louis wakashinda 11–6, na miezi michache baadaye ligi ikafafanua kwamba mpira ukigusa ardhi si kosa ilimradi mdakaji hajaupoteza. Ufafanuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulifungua mlango wa swali baya zaidi: kuupoteza lini? Jibu la ligi likawa kwamba anayeanguka katika tendo la kudaka lazima aushikilie mpira mpaka mwisho wa anguko lake. Mzee wa pili alikuwa ameshinda: ng'ombe si wako mpaka alale kwako.

Tarehe 12 Septemba 2010, Chicago. Detroit wako nyuma 19–14, na imebaki chini ya dakika moja. Calvin Johnson, mtu mwenye mikono mikubwa kuliko ya kawaida, anaruka juu ya mlinzi, anaudaka mpira, miguu yote miwili inatua ndani, kalio linagusa nyasi, anageuka, na mkono ulioshika mpira unaufikisha chini kama mtu anayejiegemeza ili ainuke. Mpira unabaki chini, yeye anakwenda kushangilia. Mwamuzi wa karibu ameshainua mikono kuashiria bao. Kisha wenzake wanakuja na kumwambia kwamba anguko lilikuwa halijaisha. Bao likafutwa. Tarehe 11 Januari 2015 huko Green Bay, Dez Bryant wa Dallas aliruka, akaudaka, akapiga hatua, akanyoosha mkono kuelekea goli, mpira ukagonga ardhi na kurukaruka. Uamuzi wa kwanza ulisema amedaka, marudio yakasema hajadaka, Green Bay wakashinda 26–21. Tarehe 17 Desemba 2017, Jesse James wa Pittsburgh alidaka, goti likashuka, akageuka na kuusukuma mpira kuvuka mstari wa goli ambapo uliyumba kidogo mikononi mwake. Ukafutwa pia, na New England wakashinda 27–24. Katika kesi zote tatu hakuna aliyebishana mstari uko wapi wala mguu uko wapi. Ukizitazama picha hizo leo, mistari yake ni safi kama kitabu cha mtoto.

Mwezi Februari 2018 fainali kuu kati ya Philadelphia na New England ikawa na mabao mawili ya namna hiyo, la Corey Clement na la Zach Ertz, na yote mawili yakakubaliwa baada ya kutazamwa. Philadelphia wakashinda 41–33. Mtu aliyekumbuka uamuzi wa Desemba alikuwa na haki ya kuuliza kama kanuni ilikuwa ileile. Wiki chache baadaye wajumbe wa kamati ya kanuni walikiri hadharani kwamba Bryant na Johnson wangestahili kuhesabiwa wamedaka. Machi 2018 timu zote 32 zikapiga kura ya ndiyo kwa kanuni mpya. Mdakaji awe ameudhibiti mpira. Miguu miwili au kiungo kingine kiwe kimegusa ndani. Kisha afanye tendo la kimchezo, mfano hatua ya tatu au kujinyoosha kuelekea goli, au awe amekaa na mpira kwa muda uliomtosha kufanya tendo hilo hata kama hakulifanya. Sharti la kuushikilia mpira mpaka mwisho wa anguko likafutwa. Mzee wa tatu, yule wa kuuliza nani anamwendesha ng'ombe, akapewa kiti. Tazama lakini kipande cha kati cha kanuni hiyo. Wameivunja nyumba nzima wakaijenga upya, na nguzo ya miguu miwili wameiacha palepale ilipokuwa.

Kuna anayepinga hapa, na pingamizi lake si la kupuuzwa. Atasema: miguu miwili yenyewe ni jambo la kubuni tu. Vyuo vinatosheka na mmoja, Kanada inatosheka na mmoja, na mchezo wao haujaharibika. Kwa nini basi niisifu kanuni ya NFL kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni? Nakubali kwamba ni ya kubuni. Lakini siisifu kwa sababu miwili ni bora kuliko mmoja. Naisifu kwa sababu, uwe mmoja au miwili, unaweza kuhesabika. Nadhani pia kwamba sharti la mguu wa pili lilifanya kazi ambayo watu wameisahau: lilikuwa saa. Kati ya mguu wa kwanza na wa pili kuna kipande cha muda, na mpira ukivumilia kipande hicho mikononi, pengine umetulia kweli. Waamuzi wasio na kamera walihitaji kipimo cha muda ambacho jicho linaweza kukiona, wakakipata katika miguu. Ukiondoa mguu wa pili, mzigo wote wa kupima kutulia unarudi kwenye mikono, mahali ambapo tumeshaona jinsi watu wanavyoshindwa kukubaliana.

Ushahidi mwingine wa upande wangu ni kilichotokea mwaka 2008. Kabla ya hapo, mdakaji aliye hewani akisukumwa nje na mlinzi kabla miguu haijatua, mwamuzi aliruhusiwa kuamua kwamba angetua ndani kama asingesukumwa, na akampa mpira. Ilikuwa kanuni ya huruma, na kwa juu juu ilikuwa ya haki kuliko ya sasa. Ligi iliifuta. Sasa ukisukumwa nje umetoka, isipokuwa pale mlinzi anapokukamata na kukubeba mpaka nje. Wengi waliuita uamuzi huo ukatili kwa wadakaji. Mimi nauona ulikuwa wa busara, kwa sababu neno "angetua" humlazimisha mwamuzi kutazama kitu ambacho hakikutokea. Hakuna kamera, hata ziwekwe mia moja, inayoweza kupiga picha ya mguu ambao haukutua.

Pingamizi la pili ni la wapenda mashine. Watasema shida yote ilikuwa ubovu wa picha, na kwamba kamera za leo zitamaliza ubishi wa mkono kama zilivyomaliza ubishi wa mguu. Historia inasema vinginevyo. Orr mwaka 1980 alikuwa peke yake pembeni mwa uwanja na hakuwa na marudio. Walioamua kuhusu James mwaka 2017 walikuwa na picha kutoka kila upande, wakaziona kwa mwendo wa konokono, na bado nusu ya nchi ikawaona wamekosea. Picha iliyopunguzwa mwendo hulifanya jambo kuwa gumu zaidi, kwa sababu kila mpira ukiutazama polepole vya kutosha unayumba. Mpira ulioshikwa vizuri na mtu anayekimbia huyumba. Watazamaji wa kandanda walilijua hili VAR ilipoanza kuangalia mpira wa mkono: kamera iliweza kuonyesha kwa uhakika kwamba mpira umegusa mkono, na haikuweza kabisa kuonyesha kama mkono ule ulikuwa mahali pake pa kawaida. Kuvuka mstari na kugusa ardhi ni matukio, na kamera hushuhudia matukio. Kumiliki ni hukumu, na hukumu hutolewa na mtu.

Atakayeuliza haya yanamhusu nini mtu wa Malakisi, jibu lina historia yake. Mwaka uleule wa 1902 mpaka ulipohama, Wamarekani watatu wa madhehebu ya Quaker, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni iliyosambaa mpaka Lugulu na Kamusinga. Makao ya Quaker hao yako Richmond, Indiana. Walileta Biblia, hospitali na karakana, lakini futiboli yao hawakuiacha hapa. Waliowatangulia kwa mpira walikuwa Waingereza. Jimbo hilohilo la Indiana lilimpokea Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Nairobi, mwaka 2013. Indianapolis Colts walimsajili akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani dhidi ya Houston. Hakuwa mdakaji, alikuwa wa kuangusha watu, kwa hiyo kanuni ya miguu miwili ilimhusu kwa mbali. Bado alikuwa ametoka kwenye mchezo wenye mstari uleule ulio nje, na kwa upande huo hakuwa na la kujifunza. Mwaka 2028 aina ya mchezo huu isiyo ya kuangushana, ambayo mchezaji hunyofolewa kitambaa kiunoni, itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles, na vijana wa raga wa Kenya wataitazama kwa macho tofauti na ya watazamaji wa kandanda. Mchezaji wa raga aliyefundishwa kujirusha pembeni mwa bendera ya kona, mwili ukiwa nje hewani na mpira ukiwa ndani, tayari ana nusu ya somo mwilini.

Turudi kwenye mguu kwa mara ya mwisho. Tarehe 5 Septemba 2024 msimu ulifunguliwa Kansas City. Baltimore walikuwa nyuma 27–20, saa ikaisha mpira ukiwa hewani, na Isaiah Likely akaudaka kwenye mstari wa nyuma kabisa wa uwanja. Mwamuzi akainua mikono, wachezaji wa Baltimore wakaanza kujipanga kujaribu pointi mbili za ushindi. Picha ikaletwa. Mguu mmoja wa Likely ulikuwa ndani kabisa. Ncha ya kiatu cha pili ilikuwa juu ya chokaa, kwa upana usiozidi wa ukucha. Mpira ulikuwa umetulia mikononi mwake kama jiwe, na hilo halikumsaidia. Bao likafutwa, mechi ikaisha, wachezaji wakaenda kuoga. Walioumizwa na uamuzi ule waliizungumzia saizi ya kiatu. Kamati ya kanuni haikuwa na cha kurekebisha.